Oili ya Boti

Hewani, Jumapili jioni

Mwanangu Yunisi,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, maana uko hatua chache tu kutoka hapa barazani nilipokaa, unamsaidia mama yako kufunga unga na samaki wakavu wa kumpelekea shangazi yako. Yangu utaijua ukimaliza kusoma. Naandika kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Nimejaribu tangu tulipotoka kanisani, na kila nikifungua kinywa nakuuliza habari ya kamba ya kufungia sanduku. Kamba hiyo umeshanionyesha mara mbili.

Mambo ya safari mama yako ameyamaliza. Ukae na akina mama ndani ya basi, usishuke ovyo kabla askari wa kusindikiza hawajasimama, ukifika Madogo uulize hoteli ya shangazi kwa jina la marehemu mumewe kwa kuwa ndivyo wanavyomjua huko. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kusema juu ya mashine.

Najua hutaki kuisikia habari hiyo. Tangu siku ile hujaitaja, na mimi nimejificha ndani ya kimya chako kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe wakati wa mvua akasahau kutoka. Lakini kesho unakwenda kuosha masufuria kwenye hoteli ya kando ya barabara, wewe ambaye ulitakiwa uwe Hola unafundishwa ufundi wa pampu, na aliyekupeleka kwenye masufuria hayo ni mimi. Nimeona usiondoke kabla sijaliandika jambo hilo kwa mkono wangu.

Nianzie mbali kidogo, kwenye majivuno yangu. Unajua nilikuwa taniboi wa lori la pamba kule Hola kabla hujazaliwa. Nimekusimulia mara nyingi, na kila mwaka lori lile linazidi kuwa kubwa. Ukweli ni kwamba miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kuosha, kuongeza maji kwenye rejeta na kuweka jiwe nyuma ya tairi mlimani. Injini yenyewe dereva hakuniruhusu niiguse. Lakini Hewani nani angejua? Nilirudi na ovaroli yenye madoa na bisibisi mfukoni, watu wakaniita fundi, nami nikaitika.

Basi yalipokuja yale mafuriko ya El Nino yakaondoka na migomba na nusu ya nyumba za watu, halafu mto ukarudi chini na mvua ikakata kabisa, shirika la misaada likawapa akina mama wa kikundi cha kilimo ile pampu ndogo ya kubebwa na mtu mmoja, inayokula petroli iliyochanganywa na oili. Fundi wa shirika alikuja siku moja tu kufundisha. Wewe ulikuwa umemaliza Fomu Foo, ukakaa mbele na daftari. Mimi nilikaa nyuma nimeegemea ukuta, natafuna kijiti, nikiwa na uso wa mtu anayesikia mambo anayoyajua. Nilichosikia siku ile hakijai kisoda.

Akina mama wakanichagua mimi niwe mwendeshaji, na wewe unisaidie. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa sana. Kila asubuhi nilivuta kamba, mashine ikalia, wakapiga vigelegele. Hawakuona kwamba kabla ya hapo ni wewe uliyepima oili kwa kifuniko, ukaitia kwenye dumu la petroli, ukatikisa mpaka rangi ikalingana. Ni wewe uliyesugua yale mapezi ya chuma yanayozunguka injini kwa mswaki wangu mkuukuu ili matope yasizibe njia ya upepo. Mashine ile ilikuwa na fundi mmoja, naye si mimi. Nilijua hivyo tangu wiki ya kwanza na nilinyamaza.

Siku oili ilipokwisha, mpunga ulikuwa na mimba. Unakumbuka jinsi ardhi ilivyokuwa, nyufa za kuingiza mguu. Nikatumwa Garsen. Mwenye duka akasema oili ya kuchanganya imekwisha, mzigo utakuja na basi kutoka Malindi, na basi litakuja likija. Ningerudi nikawaambia akina mama tungoje siku mbili tatu, tubebe maji kwa ndoo kuokoa tutakachookoa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi niliyotumwa, kwenda na kurudi na jibu. Lakini mtu anayeitwa fundi hapendi kurudi mikono mitupu.

Pale sokoni nikamkuta Shee, yule mwenye boti wa Kipini ambaye huleta chumvi na papa. Alikuwa na kopo la oili, akakubali kunigawia. Wala hakunidanganya. Alinitazama akasema, "Haya ni mafuta ya mashini ya boti, kaka. Hiyo yako siiyui." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yangu naijua mimi.

Nilivyofikiri ni hivi, na nakuandikia ili ucheke ukitaka. Boti hukaa majini. Pampu yetu hukaa ukingoni, mdomo wake umo mtoni, inanyonya maji mchana kutwa. Nikaona hizi mbili ni ndugu wa mto mmoja, na oili iliyoandikiwa mashine ya majini ndiyo itakayoifaa zaidi kuliko hata ile ya mwanzo. Njia nzima kutoka Garsen nilikuwa najipongeza. Mtu wa bara asingelikosea hivyo, kwa maana asingeona mto kila anapogeuza shingo. Sisi tuliozaliwa hapa tunadhani kila kitu kinapozwa na mto.

Wewe ulilitazama lile kopo ukalizungusha, ukasoma hata yale maandishi madogo ya chini. Halafu ukasema polepole, kwa adabu, kwa sababu Mama Komora mwenyekiti alikuwa karibu na hukutaka asikie: "Baba, hapa kuna picha ya boti. Fundi alisema tutafute yenye picha ya pikipiki au msumeno wa injini."

Nikakuuliza kwani hii yetu inanyonya nini, uji?

"Maji yanapita kwenye pampu, baba. Injini yenyewe inapozwa na upepo."

Ilikuwa sentensi fupi na ilikuwa na kila kitu ndani yake. Ningekuwa na akili ya kuku ningeisikia. Badala yake nilisikia mtoto ananisahihisha mbele ya watu, nikakujibu: "Hapa nani baba? Mkataa la mkuu huvunjika guu. Changanya." Ukachanganya. Ulipima vizuri kama siku zote, na hukuniangalia.

Mwanangu, huko unakokwenda utakutana na watu wengi wanaojibu hivyo. Mtu akiulizwa swali la mashine akajibu kwa habari ya ukubwa wake, ujue swali lako limemshinda. Mimi nilikuwa hivyo siku ile, na nilijihisi mshindi mpaka jioni.

Ubaya ni kwamba mashine haikugoma mara moja. Ilikwenda siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, nami nikakutania mbele ya mama yako, nikikuuliza daftari lako linasemaje. Wiki ya pili ukaniambia sauti imebadilika, imekuwa kavu, na moshi una harufu nyingine. Ukaomba tuizime ipoe kidogo jua likiwa juu. Nikasema zamu ya Mama Maro haijaisha. Hiyo nayo ilikuwa kweli, Mama Maro alikuwa amesimama na jembe lake anangoja maji yafike kwenye jaruba lake la mwisho.

Kisha ikapiga ukelele na kusimama. Nilivuta kamba, haikuja. Nikavuta tena nimekaza miguu yote miwili, haikuja. Nikachota maji ya mto nikaimwagia, hapo ndipo ulipofumba macho. Nilijua imenoki, injini imekwama kabisa. Na kabla haijapoa nilikuwa nimeshaanza kutafuta nitasema nini.

Dereva wangu wa lori la pamba alinifundisha jambo moja tu, na ndilo nililolishika: chombo kikiharibika, wahi kusema, wa kwanza kusema ndiye anayeaminiwa. Kesho yake kwenye mkutano wa kikundi, pale nje ya kanisa, nilisimama kabla Mama Komora hajamaliza sala. Sikusema uongo ambao ungeweza kushikwa. Nilisema, "Vipimo alikuwa anapima binti. Vijana hawa mnawajua, mawazo yako kwingine." Nikakaa.

Mikono iliyochanganya ilikuwa yako, kweli. Hilo ndilo lililonitisha baadaye, kuona namna ukweli unavyoweza kutumika. Wanawake wote walikugeukia. Nilingoja useme habari ya kopo. Nilikuwa tayari kukukemea ukisema. Wewe ulitazama mikono yako, ukasema, "Nisameheni, mama zangu." Mmoja akasema basi huyu asiiguse mashine tena. Sikuinuka.

Fundi wa Garsen alipoifungua alinionyesha ringi zilizoganda na pistoni iliyochubuka. Akaniuliza tulitia oili gani. Nilikohoa, kisha nikamwambia. Hakunicheka. Alinieleza kwamba oili ya boti si mbaya, ni nzuri sana mahali pake. Injini ya boti hunywa maji ya mto muda wote, haipati moto mkali, na oili yake imetengenezwa kwa ubaridi huo. Injini ya shamba ina upepo tu wa kuipoza, na upepo wetu huku saa saba mchana wewe unaujua. Moto wake ni mwingine, unataka oili inayostahimili, vinginevyo inaungua na kuacha uchafu kwenye ringi mpaka zinaganda. Akasema usichague oili kwa kazi inayofanywa na mashine, chagua kwa kinachoipoza. Nikatikisa kichwa kama mwanafunzi. Hayo yote uliniambia wewe ukingoni, kwa maneno machache zaidi. Nimeyaandika hapa ujue kwamba hatimaye nimejifunza, ingawa somo limekuja baada ya mtihani.

Vipuri havikupatikana. Kwenye kikundi nikasema ringi zimeungua, basi. Mpunga ulitoa masuke meupe yasiyo na punje, ukayaona mwenyewe. Ile siku ya kupepeta nilipita kwa Mama Maro, na unajua yule mjane analea wajukuu watatu. Alikuwa akiinua ungo, na upepo unachukua karibu kila kitu. Alinisalimu, akaniambia, "Mwambie binti simlaumu. Mtoto ni mtoto."

Nikamjibu ahsante. Nimewahi kufanya mabaya mengine maishani, Yunisi, lakini ahsante ile ndiyo inayonikosesha chakula.

Halafu shirika likaleta habari ya nafasi moja ya mafunzo Hola, mtu mmoja kutoka kikundi chetu, akafundishwe pampu na injini ndogo. Kama si haya yote, kila mtu angejua ni yako. Akapewa kijana wa Baba Dhadho, asiyejua plagi inafunguliwa upande gani. Ulipoletewa habari ulikuwa unachambua mchicha, ukasema ni vyema, ukaendelea kuchambua. Mimi nilikwenda shambani nikakaa huko mpaka giza. Bado sikusema. Nilijiambia jambo limekwisha, kusema sasa ni kufukua kaburi.

Jana nikakuona unampa mdogo wako lile daftari, atumie kurasa zilizobaki nyeupe kwa hesabu zake. Ulimwambia kurasa za mbele anaweza kuchana za kuwashia moto. Ulisema bila hasira. Kama ungekuwa na hasira ningelala.

Kwa hiyo leo baada ya ibada nilikwenda kwa Mama Komora. Nilimkuta anaanika nguo. Nikamwambia nimekuja kusema jambo la mashine, nikalisema lote nikiwa nimesimama, la Shee, la picha ya boti, la wewe kunionya, na la mimi kukuzuia. Nilidhani atashtuka. Aliendelea kuanika. Akasema fundi wa Garsen alimwambia ni oili ya boti, siku ya tatu tu baada ya mashine kufunguliwa, yeye alipokwenda kuuliza vipuri. Na kwamba kila mtu alijua nani alitumwa kununua oili.

Nikamuuliza, basi kama ulijua, kwa nini nafasi mlimnyima mwanangu?

Hapo aliacha nguo. "Hatukumnyima, Baba Yunisi. Alikuja mwenyewe. Nilimwambia jina lake ndilo nitakalopeleka, na sababu nitaieleza mbele ya kikundi. Akapiga magoti pale ulipo. Akasema, Mama, ukieleza, baba hatatoka tena nje. Mimi bado nina umri, nafasi mpeni mwingine."

Akaniambia tena kwamba alikubali kwa ajili yako, si kwa ajili yangu, na kwamba amekuwa akingoja aone nitakaa muda gani. Niligeuka kuondoka. Alinipa kigoda. Nimekaa kwenye kigoda cha mwanamke yule na kulia, mtu mzima, na wajukuu wake wananitazama.

Sasa nayafahamu yote. Nilidhani siku ile nje ya kanisa ulinyamaza kwa kuniogopa. Niliweza kuishi na hilo, kwa kuwa baba anayeogopwa bado anajiona baba. Sikujua kwamba ulinihurumia. Ulipima hali yangu kama ulivyokuwa ukipima oili, ukaona siwezi kustahimili moto, ukaamua uungue wewe. Ningependa kukuambia nakushukuru, lakini neno hilo nilishalitumia vibaya kwa Mama Maro.

Najionea aibu, mwanangu, na nina huzuni ambayo sijui niiweke wapi. Nafasi ya Hola imekwenda, Mama Komora amesema haiwezi kurudi, na haijulikani kama itakuja nyingine. Sitakudanganya kwamba Madogo kuna mambo mazuri yanakungoja. Kuna shangazi yako, ambaye ni mkali, na kuna masufuria. Wenye mashamba ya umwagiliaji wa kule wana pampu nyingi kando ya mto. Zikipita mbele ya hoteli zikipelekwa kwa fundi, najua utageuza kichwa. Usijizuie kwa ajili ya kitu nilichosema mimi.

Kikundi kinakutana Jumatano. Nimemwomba Mama Komora nisimame, naye amekubali. Nitawaambia akina mama wote, Mama Maro akiwa amekaa mbele yangu. Najua ndilo hasa ulilopiga magoti kulizuia, na nakuomba radhi kwamba kwa mara nyingine sitakusikiliza. Wewe utakuwa Madogo wala hutauona uso wangu. Mama yako bado hajui, nitamwambia kesho mkishaagana. Nilifikiri nikusomee haya kabla hujaondoka, lakini ningekutazama usoni na wewe ungenisamehe palepale, kwa haraka, ili nisiumie. Sitaki unisamehe kwa haraka.

Barua hii nitaitia ndani ya kanga zako, utaikuta ukifungua mzigo. Kesho utanipa mkono wa kwaheri hujui lolote, nami nitakubebea sanduku mpaka kituoni na kuzungumza habari ya kamba. Ukishasoma, ukitaka kuniandikia, niandikie. Usipotaka, nitaelewa, na Jumatano nitasimama vilevile.

Ni mimi, baba yako.